Siku Fundi Luvanda Aliposhika Taa

Mshika taa hashiki bisibisi.

Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi kwenye chumba cha klabu. Mwalimu wenu mgeni aliinama kuikaza nati ya roboti yenu, mkuu wa shule akamwambia hivyo kwa upole, na mwalimu akaurudisha mkono wake mfukoni kama aliyeshikwa anadokoa nyama. Mkacheka. Sasa mmenifuata huku stoo kuniuliza kama methali hiyo ni ya Waarabu au imetoka vitabuni. Haikutoka mbali hivyo. Aliyeianzisha alikuwa akinunua maandazi pale getini kwetu, na habari zake nilizipata kinywani mwake mwenyewe, hakunificha hata zile za kumwaibisha. Kaeni juu ya hayo magunia, ila lile la mwisho liacheni, lina panya. Methali hii asili yake ni hii.

Miaka hiyo pale sokoni Makambako alikuwepo fundi redio aliyeitwa Luvanda. Alitengeneza redio, spika za kanisani, mota za mashine za kusaga, na kila kitu chenye waya tumboni. Watu walisema kwamba redio iliyomshinda Luvanda inunuliwe sanda. Naye alijua kwamba wanasema hivyo, na hakuwakataza.

Karakana yake ilikuwa na desturi moja. Kijana akija kujifunza, kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika taa, balbu iliyofungwa kwenye waya mrefu na kuzungushiwa bati. Aliishika juu ya kazi ya fundi bila kutikisika, bila kukaa na bila kuuliza. Mwaka mzima. Akinyoosha mkono kwenye vifaa, Luvanda alimwambia maneno yale yale aliyoambiwa yeye ujanani na bwana wake kule Iringa: mshika taa hashiki bisibisi. Wakati huo haikuwa methali. Ilikuwa amri ya karakana, na bwana wake alikuwa akiisindikiza kwa kipigo cha mpini wa nyundo kwenye vidole.

Tofauti ni kwamba yule bwana wa Iringa, mwaka ulipokwisha, alimpa Luvanda bisibisi. Luvanda hakuweza. Mwaka ulikwisha, akaona kijana mkono wake bado mzito. Ukaisha wa pili, akaona bado ana papara. "Bado," alisema kila mara, na alisema kweli, maana mkono usioshika kitu utapataje kuwa mwepesi? Vijana saba walipita pale katika miaka ishirini. Wote saba waliondoka wakijua kushika taa vizuri sana, basi. Wa saba alikuwa mwanawe wa kumzaa, Amoni, aliyeshika taa miaka mitatu, kisha siku moja akaiweka juu ya meza ikiwa inawaka na kwenda zake Tunduma kuuza makava ya simu. Mteja akimwomba amtengenezee simu yenyewe, alimjibu kwamba hajui.

Luvanda alifika miaka sitini na minne, jicho lake la kushoto likaanza kuona ukungu. Ndipo alipotazama huku na huku akakuta hana mtu wa kumwachia kazi. Jambo hilo lilimuuma kuliko jicho. Kwa hiyo mkuu wa shule wa wakati ule alipomwendea kumwomba awe mlezi wa klabu ya roboti, alikubali kabla chai aliyokaribishwa haijapoa.

Klabu yenyewe ilikuwa wasichana watatu na meza moja. Lusungu ndiye aliyeandika programu kwenye kompyuta ya shule. Skola alikuwa mtu wa mbao na misumari. Kiongozi wao alikuwa Tusekile, binti mwembamba wa kidato cha tatu, mwenye maswali mengi kuliko mwenye nyumba aliyeibiwa. Walikuwa wameunda roboti yao kwa mbao za kreti na magurudumu ya vifuniko vya ndoo ndogo. Ilitakiwa ibebe vifuko vya mchanga kutoka upande mmoja wa uwanja na kuvitia sandukuni upande wa pili, maana hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano ya Mbeya. Ila kila walipoiwasha ilivuta kushoto na kwenda kugonga ukuta, wakaipa jina la Mbuzi.

Mwezi wa kwanza Fundi Luvanda alifundisha, na alifundisha vizuri, tusimwonee. Aliwaonyesha namna ya kulehemu na namna ya kuufuata waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota. Tusekile aliungua vidole viwili akazunguka navyo bwenini akiwaonyesha wenzake kama aliyevishwa pete. Fundi alirudi nyumbani siku hizo akiimba.

Kisha siku za mashindano zikakaribia, na mkono wa Fundi ukaanza kuwasha. Aliona lehemu yenye kinundu akasema, "Nipe nikuonyeshe." Wiki iliyofuata akasema, "Nipe." Wiki ya tatu hakusema kitu, alichukua tu. Akazing'oa waya zote za wale watoto akazipanga upya, akazifunga pamoja kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, kama mafundi wa zamani walivyofunga waya za redio kubwa. Kazi ile ilipendeza kweli. Mbuzi akanyooka, akaenda kama aliyetumwa na mfalme, na walimu wakaja kutazama wakapiga makofi.

Na wale wasichana? Skola alitumwa kuleta vifaa. Lusungu alifuta vumbi. Tusekile alishika taa. Hakuna aliyemwamuru, alijikuta tu amesimama hapo siku moja, na kesho yake tena. Siku hizo Fundi alichangamka, akawa akiwasimulia habari za bwana wake wa Iringa, na ile amri ya karakana, na vile vipigo vya vidole, akicheka peke yake. Maswali ya Tusekile yalipungua, na Fundi akadhani binti sasa ameelewa.

Wiki moja kabla ya safari, mkuu wa shule alimwita Fundi akamwambia kwamba Tusekile ameandika barua. Wakirudi kutoka Mbeya anaacha klabu, anahamia kwenye kwaya. Wenzake wawili nao walikuwa wanafikiria hivyo hivyo. Mkuu hakujua sababu, akamwuliza yeye. Luvanda hakuwahi kumkaripia yule binti wala kumgusa vidole. Alirudi karakana akakaa kitini bila kuwasha chochote, akawahesabu wale saba, akaona huyu ni wa nane, na baada ya huyu hatapata mwingine. Aliogopa, ndivyo alivyoniambia. Halafu akajifariji kwamba wakishinda, binti atabadili mawazo. Basi akaenda akaongeza fundo jingine kwenye waya za Mbuzi, akalikaza kwa meno ili lisije likalegea njiani.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi mkubwa wa mabati, shule kumi na mbili. Jaji mkuu alikuwa mama mmoja mhandisi, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alitangaza sheria moja kubwa kuliko zote: roboti itaguswa na mikono ya wanafunzi tu. Walezi wakawekwa nyuma ya utepe wa njano. Huko nyuma ya utepe palikuwa na kila aina ya mlezi. Mmoja alilala kwenye kiti tangu saa tatu, miguu ameinyoosha, na watoto wake wakihangaika mezani macho mekundu. Luvanda alimtazama kwa dharau, akaona afadhali yeye.

Raundi ya kwanza Mbuzi alibeba vifuko sita kwa sita. Ukumbi ukapiga makofi, na Luvanda akarekebisha kola ya shati. Kisha jaji mkuu akaja kwenye meza ya wasichana, akafungua kifuniko, akasifu zile waya. Akawauliza kwa nini zimefungwa vile, na kwa nini mota hizi mbili zimeunganishwa kwa swichi moja. Wasichana watatu waligeuka kwa pamoja wakatazama kwenye utepe. Jaji akayafuata macho yao, akamwona mzee amekwisha kufungua kinywa ili ajibu. Aliandika kitu kifupi kwenye karatasi yake akaenda meza nyingine. Luvanda alihisi joto limempanda shingoni.

Raundi ya pili Mbuzi alikwenda hatua mbili, akainama upande, akasimama. Wasichana wakamsukuma, akakataa. Walipewa dakika kumi na tano kabla ya raundi ya mwisho, wakambeba mpaka mezani na kumfungua tumbo. Wakati huo huo mvua iliyokuwa ikitishia tangu asubuhi ikashuka juu ya mabati, umeme ukakatika, na ukumbi mzima ukawa na giza la mvua. Jaji akapaza sauti akasema kwamba kila meza itapewa taa moja ya kuchaji, ile yenye shingo ya kupinda, na mlezi mmoja anaruhusiwa kuvuka utepe ili kuishika. Taa tu.

Tusekile aligeuka. "Fundi," alisema, "njoo utushikie taa, tafadhali."

Mnajua jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani kwa mtu wa sokoni? Kushika taa ni kazi ya kijana wa siku ya kwanza. Luvanda hakuwa ameishika kwa miaka arobaini na mitatu. Alivuka utepe, akapewa taa, akasimama kando ya meza.

Akaona tatizo papo hapo, hata kwa jicho lile lenye ukungu. Waya mwekundu wa mota ya kushoto ulikuwa umekatika, na umekatika chini ya fundo lake mwenyewe, lile alilolikaza kwa meno. Hakufikiri. Mkono wake wa kulia ulikwisha kuondoka.

"Samahani, Fundi," alisema Tusekile, bila kuinua sauti. "Mshika taa hashiki bisibisi."

Binti hakumaanisha kejeli. Jaji alikuwa meza ya pili tu, na binti aliogopa wasije wakafutwa, akatumia maneno yaliyokuwa karibu, maneno ya Fundi mwenyewe. Lakini yalimwingia Luvanda mahali ambapo hayakuwahi kufika. Akarudisha mkono. Akasimama pale anajua kila kitu, ana mikono miwili mizima, na hana ruhusa ya kuitumia. Alitazama saa ya ukutani, akaona zimebaki dakika kumi na moja, na akaona haziishi. Hapo ndipo alipomkumbuka Amoni, aliyesimama hivyo miaka mitatu. Machozi yalimjia, na kwa bahati ilikuwa giza.

Ila shetani wa ufundi hafi mara moja. Taa nayo ina kidole. Luvanda aligundua kwamba akiipinda shingo kidogo tu, mwanga utaangukia pale pale penye fundo, wasichana watapaona, na jaji hatajua kitu. Akaanza kuipinda. Mwanga ukasogea, ukakaribia waya mwekundu. Tusekile akaufuata kwa macho, kama alivyozoea kufuata kila kitu kinachotoka kwa Fundi, bila swali. Luvanda aliuona ule utii usoni mwake, akauchukia. Akainua taa juu kabisa, mkono umenyooka, mwanga ukaenea kwenye tumbo lote la Mbuzi, pazima na pabovu pamoja.

"Fundi, tuukate huu uzi?" Lusungu aliuliza. "Hatuwezi kujua waya upi ni upi."

Uzi wa nta, mafundo thelathini na mawili. "Roboti ni yenu," alisema Luvanda. "Mkikata, msianze kuunganisha. Kwanza jiulizeni kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Mengine mnayajua, nilikwisha kuwafundisha."

Wakakata. Mafundo yakaanguka mezani. Skola alishika waya mmoja mmoja kutoka kwenye betri, Lusungu akataja unakokwenda, Tusekile akagusa mwisho wake. Walikosea mara mbili. Waliusingizia waya mweusi dakika nzima, na Luvanda akauuma ulimi wake mpaka ukauma kweli. Mkono ulichoka, akaushikilia kwa mkono wa pili.

"Mnaona hapa?" alisema Tusekile. "Umekatwa na fundo. Umekazwa mno."

Hakumtazama Fundi aliposema hivyo, maana alikuwa amesahau kwamba yupo. Na sauti ile Luvanda alikuwa hajaisikia tangu zile siku za vidole vilivyoungua. Umeme haukuwepo, kwa hiyo kulehemu hakukuwezekana. Wakaumenya waya kwa wembe, wakauzungusha kwa vidole na kuufunga kwa utepe wa kuzibia mabomba. Kiungo kilitoka kibaya sana, kinene na kilichopinda, na katika karakana ya Luvanda kisingeonekana hata kwenye pipa la taka. Luvanda alikimulika.

Raundi ya mwisho Mbuzi alirudia tabia yake ya kuvuta kushoto. Alibeba vifuko viwili kati ya sita. Shule ikashika nafasi ya nane, na mkitafuta kikombe cha mwaka ule ofisini hamtakipata. Lakini kabla matokeo hayajasomwa, jaji mkuu alirudi kwenye meza yao akawauliza kilichoharibika ni nini. Tusekile alieleza waya mmoja mmoja, akieleza na alipokosea, kwa muda mrefu hata yule mama akavuta kiti akakaa. Hakuna aliyetazama kwenye utepe.

Kwenye basi la kurudi, Luvanda alihesabu vituo mpaka Chimala. Kisha akamwambia Tusekile kwamba amesikia anahamia kwenye kwaya.

Binti alikuwa na Mbuzi mapajani, anamkagua gurudumu. "Kwaya ni Jumapili, Fundi," alisema. "Klabu ni Alhamisi."

Luvanda aligeukia dirishani akatazama nje, ingawa kulikuwa na ukungu mtupu.

Tangu hapo kwenye klabu alijiwekea mipaka. Aliuliza, alionya, alionyesha kitu mara moja kwenye kipande cha waya kisicho cha roboti, kisha alinyamaza na kushika taa. Walezi wa shule nyingine wakasikia habari zile, wengine wakamcheka, wengine wakaanza kuambiana maneno yale mikono yao inapowasha, na hivyo ndivyo amri ya karakana ilivyogeuka methali. Lakini msije mkaipindua. Yule aliyelala kwenye kiti naye hakushika bisibisi, na watoto wake walikaa gizani dakika zote kumi na tano kwa sababu mtu wa kuwashikia taa alikuwa anakoroma. Methali haikumtaja mtu wa namna hiyo, kwa kuwa hakushika chochote.

Habari ya mwisho Luvanda alinisimulia mara moja tu, akinywa chai hapa hapa mlangoni. Wiki moja baada ya Mbeya alifunga karakana, akapanda basi la Tunduma akiwa na redio mbovu kwapani. Alimkuta Amoni kibandani kwake, mtu mzima sasa, ana ndevu, katikati ya makava ya simu ya kila rangi. Wakasalimiana. Mzee akayasogeza makava pembeni, akaweka redio mezani, akatoa bisibisi mfukoni na kuilaza mbele ya mwanawe. Kisha akawasha tochi ya simu yake, akainua mkono.

Amoni aliitazama bisibisi bila kuigusa. "Baba, mimi sijui," alisema.

"Najua hujui, mwanangu. Kosa ni langu. Fungua taratibu, mimi ninamulika."

Walikaa na redio ile mpaka soko likafungwa, na haikupona siku hiyo. Kesho yake Amoni aliifungua tena. Mkifika Tunduma leo mtaona kibao chake cha fundi redio, na mkichungulia ndani mtamwona yeye mwenyewe ameshika bisibisi.

Haya, inukeni, nina maharage ya kupima. Na mwalimu wenu mkamwambie arudi mezani, asinune, kazi yake bado ipo na ni kubwa. Akiuliza ni ipi, mwambieni: mshika taa hashiki bisibisi.